Dirisha la Shingo ya Mjomba

Mjomba wangu hawezi kugeuza shingo. Alikereza chuma miaka thelathini na kitu, ameinamia mashine, na sasa ukimwita kutoka nyuma hugeuka mwili mzima, kama lori linalotafuta nafasi ya kushusha mzigo pale Marikiti. Kiwambo cha sikio lake la kushoto nacho kilipasuka ujanani akizamia pweza, na daktari akamkataza kupiga mbizi. Nayatanguliza haya kwa sababu kila habari za nyambizi yetu, chombo cha kwenda chini ya bahari tunachokiunda wenyewe mimi na yeye, zikifika barazani, swali la kwanza ni lile lile: mbona dirisha kubwa hivyo? Nyambizi ndogo ambazo watu huziunda wenyewe nyumbani, huko Marekani na Ulaya, nyingi zina vidirisha vya ukubwa wa sahani ya chai. Hupangwa kuzunguka kichwa cha mtu, naye anahangaika kutoka kimoja hadi kingine. Mjomba hana shingo ya kazi hiyo. Anataka akae kitako, atazame mbele, na bahari iwe pale.

Ana deni na bahari hiyo. Kati ya mwaka 1977 na 1980, akiwa mvulana wa Mji wa Kale, Mombasa, wapiga mbizi walikuwa wakichimbua mabaki ya Santo António de Tanná, ile frigeti, meli ya kivita ya Wareno, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Mjomba na wenzake walikaa juu ya mawe wakiwatazama wageni wale wakishuka mikono mitupu na kupanda na vigae na vipande vya mbao. Huko walikokwenda ni kina cha mita kumi na tano hivi au zaidi kidogo, umbali wa kutupa jiwe kutoka kwao, na hajapaona hadi leo.

Hatuna nia ya kwenda pale. Mabaki yale yanalindwa, na maji yenyewe yana tope. Hata dirisha la ukubwa wa mlango halitakuonyesha kiganja chako. Tunakokutaka ni kwa Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 nje ya Bamburi ili iwe makao ya samaki. Imekaa kwenye mita 30 hivi. Basi 30 ndiyo namba yetu.

Kila mita kumi za maji ya bahari huongeza karibu kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba. Mita 30, kilo tatu. Ni kidogo, mpaka uzidishe. Dirisha la duara lenye kipenyo cha sentimita 50 lina sentimita za mraba 1,960 na ushei. Mara tatu, karibu tani sita. Ni sawa na matatu mbili za abiria 14, zimejaa, makanga wananing'inia mlangoni, zimepandishwa juu ya kioo chako, nawe umelala chini yake ukitazama juu. Picha hiyo niliichora kwa chaki ukutani mwa karakana yetu Mishomoroni. Mamangu alipoiona alisema neno moja tu: "Ya Mtongwe hayakuwatosha?" Mwaka 1994 feri ilipopinduka pale wakafa watu 272, yeye alikuwa na watu wake kwenye foleni ya feri iliyofuata. Sikuwa na jibu. Niliifuta picha, hesabu nikaiacha.

Tuje kwenye kioo chenyewe. Akriliki ndiyo ile plastiki angavu ambayo watu wa mabango wanaiita Perspex. Kwa kazi hii inaishinda glasi ya kawaida kwa mambo matatu: haivunjiki vipande vya kuua mtu bila kutoa dalili, ukiipasha moto inakubali kufinyangwa, na ndani ya maji karibu haionekani, kwa maana inaupinda mwanga kwa 1.49 na maji kwa 1.33, tofauti ndogo. Uzito wake ni 1.19 ya maji. Adui zake nao ni watatu, na mimi nilimkaribisha kila mmoja wao ndani kwa zamu: mkwaruzo, joto na spiriti.

Dirisha letu la kwanza lilikuwa bapa, la majaribio, kipenyo sentimita 30, unene milimita 20. Nililinunua kwenye duka ambalo sitalitaja. Niliuliza kama ni akriliki ya kumiminwa au ya kusukumwa. Hizi ni mbili tofauti: ya kumiminwa humwagwa ikiwa uji kati ya vioo viwili na kuachwa igande polepole, na ndiyo yenye nguvu, ya kusukumwa hupitishwa kwenye mashine kama tambi, ni rahisi, na kwa kubeba shinikizo haifai. Muuzaji akaapa ni ya kumiminwa. Mjomba akachukua venia, kile kipimo cha unene, akapima pembe nne. Milimita ishirini, ishirini, ishirini, ishirini.

"Mbona sawa hivi?" akasema.

Nikafurahi. Nikadhani anaisifu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba usawa ule ndio uliomtia shaka. Ya kumiminwa huwa na upungufu na ziada zake: huku kumi na tisa na nusu, huku ishirini na kitu. Ya kusukumwa hutoka sawasawa kama sabuni ya mche. Na tulipoanza kutoboa, keekee ilitoa nyuzi zinazonata, ndefu, moto moto, badala ya vipande vikavu vinavyovunjika. Ningesimama hapo. Sikusimama, kwa sababu pesa ilikwisha kwenda.

Nilitoboa matundu kumi na mawili, nikapitisha bolti kumi na mbili, nikazikaza kwa spana ndefu mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Kwa akili yangu, bahari inasukuma, basi nami nishike. Kisha, ili kioo kipendeze kabla ya majaribio, nikakipangusa kwa spiriti ya duka la dawa. Kikang'aa kweli kweli. Tukaenda kulala.

Asubuhi mjomba alikuwa ameshafika kabla yangu, ameshika taa pembeni mwa kioo, mwanga ukipita kwa ubavu. "Njoo uone nywele," akaniita. Kutoka kila tundu zilitoka nyufa nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, zinametameta ukiinamisha taa, zinapotea ukiinyanyua. Nyingine zilikuwa zimeanza kutafuta tundu la jirani. Hakuna maji yaliyokigusa kioo kile hata tone. Kilikuwa kikijipasua chenyewe, usiku, kwa kukazwa na bolti na kunyweshwa spiriti. Akriliki inayovutwa haistahimili spiriti, wala thina, wala asetoni, wala yale maji ya buluu ya kusafishia vioo vya madirisha. Ni maji na sabuni tu, na kitambaa laini.

Mjomba hakunilaumu. Aliweka taa chini, akauliza jambo ambalo nimelifikiria kila siku tangu siku ile: "Bolti hizi zamshika nani?"

Nikamjibu: zashika kioo. Akasema, kishike kisiende wapi? Maji yako nje, yanakisukuma ndani, kwenye kitako chake. Kadiri unavyoshuka ndivyo yanavyokikaza. Kikiwa chini kabisa, hata ukizifungua bolti zote, tani mbili zimekilalia. Bolti ni za juu tu, kioo kisianguke garini, kisichezeshwe na mawimbi. Kwa nini basi unakitoboa?

Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunaojiundia tunapotupa pesa. Tunaliona dirisha kama mlango, kitu cha kufungwa kwa komeo. Kumbe ni kizibo cha chupa kinachosukumwa kutoka nje. Linalotakiwa ni kitako kizuri cha kukalia: pana, kimenyooka, bila kisiki cha welda wala mchanga, na pete nyepesi juu ya ukingo wa kioo ya kukizuia kisidondoke. Pete hiyo hubanwa kwa bolti zinazopita nje ya kioo, zisikiguse. Kioo hakitobolewi popote.

Auguste Piccard, Mswisi aliyeunda vyombo vya kushuka kilindini, alikuwa ameshaliona hili zamani. Madirisha ya vyombo vyake yalikuwa koni ya akriliki iliyokatwa ncha, pana upande wa maji, nyembamba upande wa mtu, imekaa kwenye shimo la umbo hilo hilo. Maji yakisukuma, koni hujipachika zaidi. Tarehe 23 Januari 1960 mwanawe Jacques na Don Walsh walishuka ndani ya chombo kimoja kati ya hivyo, Trieste, hadi chini ya Challenger Deep, shimo refu kuliko yote baharini, karibu mita 10,900, na dirisha lao la kutazamia likarudi zima. Kilichopasuka wakiwa njiani kushuka ni kioo kingine, cha kwenye njia ya kuingilia, kwa kishindo kilichotikisa chombo kizima. Wakaendelea kushuka. Mimi ningerudi, na sioni haya kusema.

Lakini koni hutaka unene, na unene ndio unaokula mfuko. Hesabu ya dirisha bapa haina huruma. Ukiongeza kipenyo mara mbili, unene nao lazima uongezeke mara mbili ili mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila sentimita ya mraba ya kioo, ubaki vile vile. Eneo limekuwa mara nne, unene mara mbili, basi akriliki unayonunua ni mara nane. Ndiyo maana vidirisha vya wenzetu ni vya sahani ya chai. Dirisha bapa la sentimita 50 kwa mita 30 lilitaka unene wa milimita 50, na hata hapo mkazo katikati yake ni kama kilo 95 kwa sentimita ya mraba. Punguza unene kwa nusu, mkazo unapanda mara nne, karibu 400. Ikiwa mpya na baridi kwenye mashine ya maabara, akriliki huvutwa hadi 600 au 700 kabla ya kukatika. Ila dirisha halikai maabara. Linakwaruzwa, linapigwa jua, linabebeshwa mzigo saa nzima, na kwa hali hiyo watu wazima huitumia kama sehemu ya kumi hivi ya nguvu yake, wala hawazidishi sana. Bamba la milimita 50 niliulizia bei. Pamoja na kusafirishwa, lilikaribia bei ya pikipiki.

Shemeji yangu, ambaye ana jibu la kila kitu, akasema tununue mawili ya 25 tuyabandike. Ni wazo ambalo kila mtu hulipata, kwa hiyo sikumcheka. Chukua mbao mbili nyembamba uzilaze moja juu ya nyingine, usizitie gundi, ukanyage katikati. Kila moja inapinda peke yake, zinateleza. Mbili za 25 zisizoungana zina nusu tu ya nguvu ya moja ya 50, na kupinda zinapinda mara nne zaidi. Na kuziunga kwa gundi hadi ziwe kitu kimoja, bila povu la hewa, kwenye upana wote huo, si kazi ya karakana yetu.

Mwingine akaja na vipande vilivyotolewa kwenye tangi la samaki la hoteli, vinene, bei ya bure. Nikavitamani. Kanuni za wahandisi wa Marekani za vyombo vinavyobeba watu chini ya shinikizo, PVHO-1 ya ASME, zinalipatia dirisha bapa maisha ya miaka 10, na huhesabiwa tangu siku lilipotengenezwa, hata kama lilikaa stoo. Vipande vile hakuna aliyejua umri wake. Nimekitengenezea kimoja kiwe meza ya chai.

Jibu lilitoka utotoni. Nani wa pwani hakutembea juu ya vifuu? Unavitoboa, unapitisha kamba, unavipindua, unapanda juu, kakakaka uani hadi mama apige kelele. Kifuu ni chembamba kama nini, na kinabeba mtoto, kinabeba hata mtu mzima. Kimepinda, basi mzigo haukai mahali pamoja kukitafuta kivunjike. Unateremka kwa kuta zake hadi chini. Dirisha bapa likisukumwa, uso wake wa ndani unavutwa, na akriliki inachukia kuvutwa, kwa sababu kila mkwaruzo unataka kufunguka uwe ufa. Kuba inabanwa. Mkwaruzo uliobanwa hufumba mdomo.

Hesabu yake ilinifanya niinuke kwenye kiti. Kuba ya nusu tufe, kipenyo kile kile cha sentimita 50, ikiwa na unene wa milimita 12 tu, mkazo wake kwa mita 30 ni kama kilo 31. Robo ya unene, theluthi ya mkazo. Kwa kuba jambo la kuogopa ni jingine, kubonyea ghafla kama mpira uliokanyagwa, na hilo hutegemea ugumu wa akriliki, ambao hupungua kwa joto na kwa kukaa muda mrefu chini ya mzigo. Lazima uache nafasi kubwa. Hata hivyo ndiyo njia. Jerry Stachiw, mhandisi wa jeshi la majini la Marekani, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye jambo hili, na mwaka 1970 ikatoka NEMO, tufe zima la akriliki lililoungwa kwa vipande kumi na viwili vya pembetano. Hapo watu walikaa ndani ya dirisha lenyewe.

Kuba hupulizwa kutoka bamba bapa, na bamba hukonda likitanuka, basi ili tupate 12 tulianza na 25. Bamba hilo la 25, la kumiminwa safari hii, pembe nne namba nne tofauti, ni zito sawa na lile la 50 nililolikosa, kwa kuwa lazima liwe pana zaidi ili lipate ukingo wa kushikwa. Sikuokoa kilo hata moja. Nilichookoa ni kwamba bamba la 25 linapatikana, na la 50 linaagizwa.

Kulifinyanga kulitaka nyuzi 160 za joto kwa saa moja na nusu, sawasawa pande zote. Tanuri ya ukubwa huo tuliipata kwa mwokaji mikate wa Kisauni, rafiki ya mjomba, tanuri la matofali, siku ambayo haoki. Tulilifunga bamba kati ya mbao mbili nene. Ya juu ina shimo la duara, ya chini ina tundu la pampu. Fundi wa pancha alileta kompresa yake. Juu ya shimo tulisimamisha kijiti kwa urefu tunaoutaka kuba ifike. Bamba likitoka tanurini liko laini kama halua ambayo haijapoa, una dakika chache tu, unaruhusu hewa kidogo, kidogo kuliko ya tairi la baiskeli, na kioo kinaanza kuinuka chenyewe. Hakuna kinachokigusa isipokuwa hewa, basi hakipati alama. Nimeona mambo mengi, sijaona kitu kilichonyamazisha watu wanne wa Mombasa kwa pamoja namna ile.

Ya kwanza ilitoka upande, kama dafu lililolalia tawi, kwa sababu kona moja ya tanuri ilikuwa imepoa. Ya pili iligusa kijiti katikati. Tukashikilia hewa mpaka ikagandamana.

Mwokaji akasema kesho yake mikate yote ilinuka saluni. Alikuwa mkweli. Mvuke wa akriliki ni ndugu wa ile dawa wanayobandikia kucha za bandia, na matofali yaliufyonza. Tulimlipa mikate ya siku mbili na hatujaruhusiwa kurudi, jambo linaloniuma, kwa kuwa tanuri lile lina sifa ambayo wenye viwanda huilipia ghali: hupoa polepole. Kioo kikishakatwa na kukerezwa hubaki na mkazo uliofichika ndani, na dawa yake ni kukipasha tena kwenye nyuzi 80 hivi kwa saa nyingi, kisha kukiacha kipoe kwa mwendo wa kobe. Ukiruka hatua hiyo, nywele zitakuja tu, leo au mwaka kesho. Kwa sasa tumejijengea sanduku la mabati na taa, hadithi ya siku nyingine.

Kitu ambacho kuba haikuambii kwa macho ni unene. Imetanuka, basi imekonda, na imekonda zaidi pale juu kileleni. Mjomba alikunja nondo mbili nyembamba zikawa kama mikono ya kaa, akaziunga kwa riveti, akapitisha mkono mmoja ndani na mmoja nje, akasoma mwanya kwa venia upande wa nyuma. Ukingoni milimita 20 na zaidi. Katikati ya ubavu 13. Kileleni 9. Akalirudia lile la kileleni mara tatu, akaandika 9 kwa kalamu ya wino juu ya kitako chenyewe cha chuma. Kwa 9 hesabu bado inasimama. Lakini tulikubaliana pale pale kwamba kuba hii haitambeba mtu. Ya mtu itaanza na bamba nene zaidi.

Kitako alikikereza yeye, siku mbili, na mimi nilikuwa wa kufagia tu. Jambo moja nililijifunza kwa kumtazama: aliacha mwanya kuzunguka ukingo wa kioo. Akriliki hutanuka kwa joto karibu mara sita ya chuma. Ukingo wetu wa sentimita 60, ukitoka asubuhi ya baridi hadi juani, unaongezeka karibu milimita moja, na chuma hata robo yake haifiki. Ukikibana pande zote kitajisukuma, kipasuke. Gasketi ya mpira chini, grisi ya silikoni, pete juu imekazwa kwa vidole na robo mzunguko wa spana.

Kuhusu jua, sina suluhisho la kihandisi. Mwezi wa Machi chuma kilichopakwa rangi nyeusi uani kwetu hakishikiki, na hewa iliyofungiwa nyuma ya kuba ni moto zaidi. Akriliki ya moto ni akriliki legevu. Mamangu, ambaye bado hataki kusikia habari hizi, ndiye aliyekuja na leso, akailoweka, akaifunika kuba. Jina lake: Mvumilivu hula mbivu. Sijui kama aliichagua.

Watu hunikumbusha Titan, ile nyambizi iliyovunjika ikishuka kwenye mabaki ya Titanic, Juni 2023, wakafa wale watano. Ganda lake lilikuwa la nyuzi za kaboni, si jambo letu. Lakini mbele palikuwa na dirisha la akriliki, na kwenye karatasi za mahakama mfanyakazi aliyefutwa aliandika kwamba waliolitengeneza walikubali kulithibitisha kwa mita 1,300 tu, nayo Titanic iko kwenye 3,800 hivi. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi. Ndiyo iliyonifanya nikubali kutumia mwaka mzima kushusha chombo kisicho na mtu.

Dirisha bapa unaweza kulijaribu karakana, kwa pampu ya mkono na maji, kamwe si kwa hewa, maana hewa iliyobanwa ikipata upenyo ni bomu. Kuba inataka kubanwa kutoka nje, na tangi la kuizunguka lingegharimu kuliko nyambizi. Basi tulitumia bahari. Kipande cha bomba la chuma, kipenyo sentimita 50, ukuta milimita 10, urefu sentimita 60, nyuma kimezibwa kwa bamba la chuma, mbele kuba. Kilo 140 na ushei, na bado kinaelea, kwa sababu kuba peke yake inasukuma lita 33 za maji. Ikabidi tukifunge farumi ya vyuma chakavu kilo hamsini ili kikubali kuzama.

Tulingoja Kaskazi, siku za maji mafu, nje ya mwamba wa Bamburi, kwa mashua ya mzee mmoja asiyehesabu kwa mita. Kamba aliifunga mafundo kwa pima zake. Ndani ya chombo tuliweka simu inayorekodi, na taa, na chini tukatandika karatasi ya daftari, ili maji yakipenya hata kidogo yaache alama. Pima tano, tukangoja. Pima nane. Pima kumi na moja, ambazo ni mita 20, na hapo tukaifunga kamba. Saa nzima. Mjomba hakusema kitu. Alishika kamba kwa vidole viwili kama anayepima homa.

Tulipokipandisha, kuba ilikuwa nzima, lakini ndani ilikuwa na ukungu, na chini ya ukungu, pale inapokutana na gasketi, palikuwa na maji. Si mengi. Matone manne, matano, yamejikusanya, na karatasi ilikuwa na doa la ukubwa wa shilingi. Moyo ukanishuka. Simu nikaitoa kwanza, nikairudisha nyuma video: dakika nyingi za kijani kitupu, kisha samaki mmoja mwenye mistari akaja hadi kwenye kioo, akasimama, akalitazama lile jicho la simu kutoka upande huu, akazunguka akalitazama kutoka upande ule, na sisi tukamwona mzima pande zote mbili bila kuisogeza simu hata unywele. Mjomba aliitazama video hiyo kwa kugeuza mwili wote kuelekea kwangu.

Kisha akaingiza mkono ndani ya bomba, akapitisha kidole chini ya kuba kwenye yale matone, akakitia mdomoni. Mzee wa mashua akaacha kukunja kamba.

"Si chumvi," mjomba akasema. Akaingiza kidole tena, akanionjesha na mimi.